Njaa ya Nchi ya Mbali: Mwana Mpotevu na Swali la "Maana Kwangu"

Limezoeleka katika sharika zetu swali moja ambalo huulizwa mara tu somo likiisha kusomwa. Katika vikundi vya kujifunza Biblia, katika mikutano ya vijana na hata juu ya mimbari, msikilizaji huambiwa ajiulize: Neno hili lina maana gani kwangu? Somo likiwa ni mfano wa Bwana Yesu, swali hilo huvaa vazi jingine: Wewe ni nani katika mfano huu? Ndipo mmoja hujiona udongo wenye miiba, mwingine kondoo wa mia, na mwingine, kwa unyenyekevu ambao haukosi kuchekesha, Msamaria mwema.

Hatukusudii kulifukuza swali hilo. Mkristo asiyeuliza Neno linamwambia nini hajalisikia bado, na Mlutheri anayeona haya kusema "kwa ajili yangu" amesahau Katekisimo yake. Lakini swali jema laweza kuulizwa vibaya. Tunaloliona likitokea ni kwamba msomaji hupewa ruhusa ya kuokota maana iliyo karibu na mkono wake, kisha maana hiyo huitwa sauti ya Mungu, wala hapana athubutuye kuipima. Katika kurasa hizi tunataka kulipima swali hilo kwa mfano mmoja tu, ule wa Luka 15:11-32, ambao kila mchungaji miongoni mwetu ameuhubiri mara nyingi kuliko awezavyo kukumbuka. Tutasaidiwa na kazi ya mfafanuzi Mlutheri wa Marekani, Mark Allan Powell, na mahali fulani tutapingana naye, au angalau na wale wanaomtumia.

Si jambo jipya kwamba wasomaji hujitafuta ndani ya mifano. Agostino alipoufafanua mfano wa Msamaria mwema, mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi alikuwa Adamu, Yeriko ulikuwa mwezi na hivyo hali yetu ya kufa, nyumba ya wageni ilikuwa Kanisa, na mwenye nyumba ile alikuwa Mtume Paulo. Kila kitu kilikuwa na maana, na maana yote ilikuwa imejulikana kabla mfano haujasomwa. Luther aliukemea mtindo huo, ingawa mwenyewe hakuuacha kabisa alipokuwa mimbarani. Adolf Jülicher, katika kazi yake ya juzuu mbili iliyokamilika mwaka 1899, aliufunga mlango: mfano una shabaha moja, nayo ni fundisho la jumla. C. H. Dodd mwaka 1935 na Joachim Jeremias mwaka 1947 wakasema kwamba shabaha hiyo haitaonekana mpaka mfano urudishwe katika huduma ya Yesu mwenyewe na katika mabishano yake na wale waliomnung'unikia. Kisha mwaka 1967 Dan Otto Via akageuza tena mwelekeo: mfano ni kazi ya sanaa inayojitegemea, nao humkabili msomaji wa kila zama na njia mbili za kuishi. Twaweza kusema kwamba tangu hapo mlango uliofungwa na Jülicher umebaki wazi. Waliopita humo si wote waliopiga hodi.

Powell, aliyefundisha Agano Jipya katika seminari ya Kilutheri mjini Columbus, Ohio, hakuanza na nadharia. Aliwaomba watu wausome mfano wa mwana mpotevu, wafunge kitabu, kisha wamsimulie mwenzao kadiri wanavyokumbuka. Katika Wamarekani 100, wote walikumbuka kwamba kijana alitapanya mali. Walioitaja njaa kuu iliyoingia katika nchi ile walikuwa 6 tu. Alilirudia jambo lile lile katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, na kati ya watu 50, watu 42 waliitaja njaa. Mji huo, ulipokuwa ukiitwa Leningrad, ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941 hata Januari 1944, na watu mamia kwa maelfu walikufa kwa njaa. Wajukuu wa watu wale hawakuweza kuuruka mstari wa 14. Tena Powell aliwauliza wanafunzi wa theolojia hapa Tanzania kwa nini kijana yule alifikia hali ya kutamani chakula cha nguruwe. Jibu alilolipata halikuwa la Wamarekani wala la Warusi: alikuwa na njaa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyempa kitu. Habari hizi amezikusanya katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu umbali uliopo baina ya mimbari na viti vya kanisa.

Tuseme wazi kwamba tulipozisoma kwa mara ya kwanza tulifurahi, na furaha yetu haikuwa safi. Nani asiyefurahi kusikia kwamba ndugu zake wameona ambacho wenye maktaba kubwa hawakukiona? Lakini kabla ya kujipongeza yafaa kuyarudia maandishi yenyewe, na tukiyarudia, jambo la kwanza tunaloligundua ni kwamba hapana hata kundi moja kati ya hayo matatu lililobuni kitu. Kutapanya kumo katika mstari wa 13. Njaa imo katika mstari wa 14. Kunyimwa kumo katika mstari wa 16. Luka ameyaweka yote matatu kwa kufuatana, karibu katika pumzi moja. Kila kundi lilishika mstari mmoja na kuiachilia mingine. Hapa ndipo tunapoachana na wale wanaoitumia kazi ya Powell kudai kwamba mfano una maana nyingi na kila msomaji ana yake. Kilichopatikana katika zoezi lile si maana tatu za mfano mmoja, bali ni namna tatu za kusahau.

Tuanze na mstari ambao twadhani twaujua. Tafsiri ya Union Version, iliyoyalea masikio ya Wakristo wengi wa Kiswahili tangu mwaka 1952, yasema katika mstari wa 13 kwamba kijana aliitapanya mali yake kwa maisha ya "uasherati". Kiyunani chasema zōn asōtōs, yaani kuishi ovyo, pasipo kiasi wala akiba. Neno la shina hilo hilo limo katika Waefeso 5:18 na Tito 1:6, na huko watafsiri wetu waliandika "ufisadi" na "wafisadi". Kwa nini hapa walichagua neno la zinaa? Hatuwezi kuwasemea, lakini twadhani tunaijua sauti waliyoisikiliza. Katika mfano wote makahaba hutajwa mara moja tu, katika mstari wa 30, na anayewataja ni kaka mkubwa, ambaye hakuwako huko. Mtumishi aliyemuuliza alimpa habari mbili tu: ndugu yako amekuja, na ndama amechinjwa kwa kuwa amerudi mzima. Mengine kaka aliyajaza mwenyewe. Hivyo msomaji wa Kiswahili hulipokea shtaka la kaka mkubwa kana kwamba ni neno la msimulizi, mistari kumi na saba kabla kaka hajafungua kinywa. Nasi wahubiri tumejenga juu yake ghorofa kadhaa. Tumehubiri disko, tumehubiri madanguro, tumehubiri rangi za midomo. Huenda kijana wa Luka aliyafanya hayo yote, Luka hakusema.

(Kwa haki ya watangulizi wetu tuongeze kwamba kichwa tulichokizoea, "mwana mpotevu", ni bora kuliko kile cha Waingereza, ambacho humwita kijana mtapanyaji. Chetu, kama cha Wajerumani, hufuata mistari ya 24 na 32, na humweka kijana katika jamii moja na kondoo na sarafu waliotangulia katika sura hiyo. Hasara yake ni kwamba sikio la haraka husikia "mpotovu".)

Kuhusu ombi la urithi tutapita upesi. Kenneth Bailey, aliyeishi na kufundisha miaka mingi katika nchi za Mashariki ya Kati, alidai mwaka 1976 kwamba kijana alipoomba fungu lake alikuwa anamtakia baba yake kifo. Amy-Jill Levine, msomi Myahudi wa Agano Jipya, alipinga mwaka 2014 akionya kwamba wafafanuzi Wakristo hupenda kuitia giza jamii ya Kiyahudi ili baba wa mfano ang'ae zaidi. Sisi twaona Levine ana haki katika onyo lake, na Bailey ana haki katika hili dogo, kwamba wazee wa vijijini wanapoulizwa husikia uzito ambao mwanafunzi wa mjini hausikii. Muulize mzee wa Uchagani, ambako kwa desturi kitinda mimba ndiye hubaki na wazazi na kuachiwa nyumba na kihamba chake. Kwake mfano huanza kwa mshangao mwingine kabisa: aliyeondoka ndiye yule aliyepaswa kubaki.

Njaa ni jambo zito zaidi. Lugha yetu ina kitenzi kizima kwa ajili ya safari ya mtu mwenye njaa aendaye kutafuta chakula nchi nyingine: kuhemea. Wagogo waliipa jina njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakaiita Mtunya, na jina likabaki kama alama ya kuhesabia miaka. Basi mtu angetazamia kwamba wanafunzi wa Tanzania wangejibu kama Warusi. Hawakujibu hivyo, na Powell huona katika jibu lao mila ya ukarimu: kwamba kwa Mwafrika mgeni hulishwa, hata aliyejiletea taabu mwenyewe. Hilo ni kweli, lakini twadhani si lote. Wajuao njaa hawaikumbuki kama hali ya hewa. Huikumbuka kwa milango: ni mlango gani uliofunguliwa, na ni mlango gani uliofungwa huku moshi wa jikoni ukionekana. Aliyewahi kuhemea hasemi tu kwamba mvua haikunyesha. Husema pia ni nani aliyemnyima. Jibu la wanafunzi wale lilikuwa na njaa ndani yake tayari.

Na maandishi yanawaunga mkono kuliko tulivyofundishwa. Kitenzi cha Kiyunani katika mstari wa 16 ni cha tendo lililokuwa likiendelea: hapakuwa na mtu aliyekuwa akimpa, leo wala kesho yake. Tukumbuke pia mstari wa 15, ambao katika mahubiri mengi hutumika kama daraja tu la kuwafikia nguruwe. Kijana huyu hakuwa mvivu wala ombaomba. Alikuwa na kazi. Aliambatana na mwenyeji mmoja wa nchi ile, na neno la Kiyunani ni la kitu kilichogandamana na kingine. Mtu wa namna hiyo amekwisha kumaliza heshima yake yote kabla ya kupewa jibu. Mwenyeji akampeleka mashambani kulisha nguruwe. Sote twajua kusema kwamba kwa Myahudi hiyo ilikuwa aibu. Ni wangapi tumesema kwamba nguruwe walikuwa na posho yao na mtumishi hakuwa nayo? Huyu ni mtu aliyeajiriwa na mwenye njaa, katika shamba ambalo mifugo yake hula.

Ndiyo maana katika mstari wa 17 kinachomjia moyoni kwanza ni vibarua. Anasema vibarua wa baba yake wana chakula na kusaza. Anawalinganisha waajiri wawili. Wako wafafanuzi wanaomcheka kwa ajili hiyo na kusema toba yake ilikuwa ya tumbo. Yawezekana. Hata hivyo alichokumbuka kwa tumbo lake ni habari ya kweli kumhusu baba yake: baba ni mtu ambaye vibarua wake hushiba. Tofauti kati ya nchi ya mbali na nyumba ya baba yaonekana mezani kabla haijaonekana mahali pengine popote. Wala hilo halipaswi kutushangaza, kwa maana sura nzima ilianza mezani. Katika mstari wa 2 Mafarisayo na waandishi wananung'unika kwamba Yesu huwapokea wenye dhambi na kula nao. Mfano ulisimuliwa kwa watu waliokuwa wakihesabu nani anakula na nani, na ndani yake wamewekewa nchi moja ambamo mtu hapewi kitu. Jeremias aliyetutaka tuurudishe mfano katika mabishano ya Yesu hakulikazia jambo hilo. Wanafunzi walioulizwa na Powell walilifikia bila yeye.

Hapa hatuna budi kuleta jambo letu wenyewe, ingawa si la kujivunia. Miaka kadhaa iliyopita tuliuhubiri mfano huu katika mazishi ya kijana aliyekuwa amerudi kutoka mjini akiwa mgonjwa, akafa baada ya majuma machache. Tulihubiri juu ya kurudi, na juu ya baba aliyekimbia kumlaki mwanawe. Njiani tulisema pia, kama ilivyo desturi, machache juu ya mali iliyotapanywa na ujana uliopotea bure. Hatukukusudia kumtaja marehemu, na twadhani wengi hawakuona tumemtaja. Baada ya maziko mama yake alikuja kutushukuru. Alitupa mkono kwa mikono miwili kama ilivyo adabu yake, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Baba Mchungaji, mwanangu hakutapanya kitu. Alitoka hapa na begi moja na nauli ya kukopa. Aliandika mara mbili kwamba hajalipwa." Hakuongeza neno, akarudi kukaa na wenzake.

Tulikuwa tumemzika mtoto wake kwa mstari wa 13, na yeye aliishi na kufa katika mstari wa 16. Kitabu kilikuwa mkononi mwetu na mistari yote ilikuwamo. Tukijiuliza leo ni nani katika mazishi yale aliyeipata "maana kwake", jibu ni kwamba tuliipata sisi, na tuliipata kwa urahisi kwa sababu ilikuwa maana ya watu waliobaki nyumbani. Yule mama hakutafuta maana. Aliikataa iliyokuwa ya uongo, na kwa kuikataa aliturudisha kwenye maandishi. Tangu siku ile tumeshindwa kukubali kwamba usomaji wa binafsi hauwezi kukosolewa. Waweza kukosolewa na mistari iliyorukwa, na mara nyingi mistari hiyo huletwa na mtu ambaye tumemhubiri yeye badala ya kumhubiria.

Hata hivyo hatutaki kuanguka upande wa pili wa njia. Iko hatari kwamba tukishalipenda jibu la Kitanzania tutamfanya kijana kuwa mtu aliyeonewa tu, na mfano kuwa malalamiko dhidi ya wenyeji wa nchi ya mbali. Mwenyewe hasemi hivyo. Katika mistari ya 18 na 21 husema amekosa, juu ya mbingu na mbele ya baba yake, wala hamtaji mwenye nguruwe. Mhubiri amwondoleaye mtu neno hilo amempokonya kinywa chake. Warusi wa Powell, ambao waliona kosa la kijana katika kuondoka na kudhani kwamba atajitosha mwenyewe, walikuwa karibu na kiini cha ungamo hilo kuliko sisi.

Iko na hatari nyingine, nayo ni ya kujisifu. Tukisema kwamba Waafrika ni wakarimu na kwa hiyo tumeuelewa mstari wa 16, tumekwisha kuugeuza mstari huo kuwa kioo cha kujipambia. Dar es Salaam ni nchi ya mbali. Arusha ni nchi ya mbali kwa msichana wa kazi za ndani aliyeletwa kutoka kijijini, alalaye jikoni na kula baada ya wote, kama kimebaki kitu. Mwenyeji yule aliyetoa kazi na kunyima chakula twaweza kumkuta Jumapili kwenye kiti cha mbele, na bahasha yake ya ahadi ikiwa imejazwa vizuri. Jibu la wanafunzi wale, likichukuliwa kwa uzito, ni hukumu juu yetu kwanza.

Hili latupeleka kwenye theolojia. Luther aliposisitiza kwamba Injili ni "kwa ajili yangu", hakuwa anampa msomaji kibali cha kuchagua. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, afundishapo juu ya Sakramenti ya Altare, hukaza kwamba neno "kwa ajili yenu" lataka mioyo inayoamini. Neno hilo husemwa na mwingine. Huja kutoka nje, na mtu hulipokea kama apokeavyo mkate, kwa mkono mtupu. Desturi ya kuuliza "mimi ni nani katika mfano huu" huenda kinyume: hutoka ndani, hupita juu ya maandishi, na kurudi ndani na kile ilichotoka nacho. Ajitazamaye katika kioo huiona sura aliyokuja nayo. Ernst Fuchs, na baada yake Eberhard Jüngel, walieleza kwamba mfano ni tukio linalompata msikilizaji, na tukilichukua wazo hilo kwa Kiswahili chepesi twaweza kusema kwamba mfano hutusoma sisi. Tungependelea basi swali la vikundi vyetu libadilishwe kidogo: ni mstari gani ambao hatukuusikia? Swali hilo halifurahishi kama lile la kwanza, wala halimalizi kikao kwa nusu saa.

Tukiuliza hivyo katika kikao cha wachungaji, mstari usiosikika si wa 13 wala wa 16. Twadhani ni wa 29. Kaka mkubwa asema amemtumikia baba miaka mingi, na neno alilolitumia ni la utumwa. Asema hajapewa hata mwana-mbuzi afurahi na rafiki zake. Kila mtumishi aliyekaa miaka katika mtaa usio na barabara, na kuona wengine wakipelekwa masomoni, aijua ladha ya maneno hayo. Hatusemi kwa dhihaka. Baba naye hakumdhihaki. Alitoka nje kumsihi, kama alivyotoka kumlaki mdogo, na alipojibu alimwita mwana, na lile "huyu mwana wako" la kaka akalirudisha likiwa "ndugu yako". Lakini kaka asikilizwe kwa upole na baba. Asiandikiwe taratibu za kupokea wanaorudi.

Tunasema hivyo kwa sababu ya jambo ambalo kila msomaji wa jarida hili analijua. Katika sharika nyingi mtu aliyetengwa hurudi kundini kwa kusimama mbele ya kanisa lote na kuungama. Mara nyingi anayesimama ni binti aliyezaa kabla ya ndoa, na aliyempa mimba, akiwa Mkristo wa usharika mwingine au mzee wa mtu fulani, haonekani. Nidhamu ya Kanisa ina msingi wake katika Maandiko, hilo hatulikani, Paulo aliwaandikia Wakorintho wamwondoe mtu (1 Kor. 5), na katika waraka wa pili (2:5-8) juu ya mtu aliyeadhibiwa aliwasihi wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Swali letu ni hili tu: tuusomapo mfano wa Luka 15 katika ibada hiyo ya kurudisha watu, kama wengine wafanyavyo, twautii mstari gani?

Kijana alitunga hotuba yake huko mashambani. Ina sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa vibarua wako. Katika mstari wa 20 baba amekwisha kukimbia, kumkumbatia na kumbusu kabla neno lolote halijasemwa. Katika mstari wa 21 kijana anaanza hotuba na kufika sehemu ya pili. Ya tatu haisemwi. Wakalimani wa mfano huu wamebishana kama aliiacha mwenyewe au alikatizwa, na sisi twaona mstari wa 22 ukisomwa bila kituo hujibu swali hilo.

Jambo moja katika historia ya maandishi linastahili kujulikana na kila mwanafunzi wetu. Baadhi ya nakala za kale na zenye heshima kubwa, zikiwamo Sinaiticus, Vaticanus na Bezae, zina sehemu ile ya tatu ndani ya mstari wa 21. Wachunguzi wengi wa maandishi huamini kwamba haikuwamo katika Luka, bali waandishi waliinakili kutoka mstari wa 19. Walikuwa watu wa Kanisa, wenye bidii na wapenda utaratibu. Hawakuweza kuvumilia ungamo lisilofika mwisho, wakammalizia kijana hotuba yake. Baba, kwa kadiri Luka alivyoandika, hakupata nafasi ya kuisikia. Alikuwa amegeuka kuwaambia watumishi walete vazi.